Mnyama Awe na Pa Kujificha

Leo nataka tuzungumze habari za wanyama wanaotazamwa, wale waliowekwa mahali ili sisi twende, tulipe kiingilio, tusimame na kuwaangalia. Ninalo neno moja kubwa juu ya jambo hili, nami nalisema mapema ili tutembee nalo pamoja: ukitaka kujua kama mahali pa kuwatazamia wanyama ni pazuri, angalia kama mnyama ana pa kujificha usimwone. Kusogea karibu naye hadi uhesabu sharubu zake hakupimi kitu.

Sisi wa Makole, hapa Dodoma mjini, hatuko mbali na viwanja vya maonyesho ya kilimo ya Nane Nane, Nzuguni. Kila ifikapo mwezi wa nane barabara ya Morogoro hujaa daladala, bajaji na bodaboda zinazoelekea huko. Watu wazima wanakwenda kuangalia mbegu, matrekta na ng'ombe wa maziwa. Waulize watoto wanachokitaka, watakwambia simba. Foleni inakuwa ndefu, jua la Dodoma unalijua, na mtoto akifika mbele anakuta simba amelala juu ya mbao, ubavu umegusa nyavu. Hapo wapo wanaopiga mluzi, wapo wanaogonga uzio ili aamke, wapo wanaosogeza simu. Mtoto anauliza, "Mbona halii?" Mzazi anajibu, "Amechoka, mwanangu."

Siyadharau maonyesho hayo. Watu wengi wa mkoa huu wasingemwona simba maisha yao yote kama asingeletwa Nzuguni. Kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania ni shilingi elfu chache tu; kinachotushinda ni gari, mafuta, chakula cha njiani na pa kulala. Familia ya watu sita ya Makole ikikaa chini kupiga hesabu ya kwenda Ruaha au Tarangire, daftari linafungwa kabla ya chai kuisha. Kwa hiyo simba wa kwenye maonyesho ana kazi aliyoifanya. Wala kulala kwake si jambo la kushangaza, maana hata porini simba huweza kulala saa 20 kati ya saa 24. Shida ni kwamba amelala mahali ambapo hawezi kutupa kisogo. Akigeuka huku tupo, akigeuka kule tupo. Mfugaji yeyote wa Ugogo anajua kuwa hata mbwa mkali ukimnyima kona ya kujiegemeza atageuka mwingine.

Taabu ya mnyama aliyefungiwa wanasayansi wameipima. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Ros Clubb na Georgia Mason, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha wanyama wala nyama wanaofugwa kwenye bustani mbalimbali duniani. Walikuta kwamba wale ambao porini huzunguka eneo kubwa zaidi ndio wanaotaabika zaidi wakifungiwa: hutembea njia ileile, mbele na nyuma, kutwa nzima, na watoto wao hufa kwa wingi zaidi. Bila shaka umewahi kumwona mnyama wa namna hiyo. Anafika kwenye ukuta, anageuza kichwa kwa namna ileile, anarudi, mpaka ardhi inachimbika mfereji. Watazamaji husema, "Tazama, anafanya mazoezi." Hafanyi mazoezi. Huyo ana akili ambayo imekosa kazi.

Sasa, binadamu alianza lini kufikiria kuondoa nondo? Anayetajwa zaidi ni Mjerumani mmoja, mfanyabiashara wa wanyama, Carl Hagenbeck. Mwaka 1907, karibu na Hamburg, alifungua bustani ambayo simba walionekana wamesimama juu ya miamba, mbele yao hakuna chuma chochote. Kilichowazuia ni handaki ambalo mtazamaji halioni. Hagenbeck na watu wake walikuwa wamepima kila mnyama anaruka umbali gani, wakachimba kwa kipimo hicho. Watu walishangaa sana, na bustani nyingi za dunia zikaiga.

Lakini sisi watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua jina hilo kwa ukamilifu wake. Hagenbeck huyohuyo alitajirika pia kwa kuwaonyesha watu. Alileta familia kutoka nchi za mbali, akawajengea vibanda vya kwao, akauza tiketi. Na mwaka 1896, kwenye Maonyesho ya Makoloni yaliyofanyika Treptow, Berlin, waliletwa watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, wakiwemo Waswahili na Wamasai wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo nchi yetu hii ilikuwa ndani yake. Waliwekwa ndani ya vijiji vya kuigiza ili Wajerumani waje kutazama jinsi wanavyopika na kucheza ngoma. Hata mwaka 2005, bustani ya wanyama ya Augsburg, Ujerumani, iliandaa "kijiji cha Kiafrika" kati ya wanyama, na Waafrika waishio huko wakapaza sauti kukipinga. Ninalisimulia hili kwa sababu moja. Mandhari ya kupendeza inaweza kutengenezwa kwa ajili ya mtazamaji peke yake, na anayetazamwa akabaki mfungwa vilevile. Mwamba wa saruji uliopakwa rangi, mti uliozungushiwa waya wa umeme ili mnyama asiuguse, picha ya Mlima Kilimanjaro ukutani: hayo yote ni mapambo ya chumba chetu. Mnyama hayali, hayachimbi, hayalalii.

Mabadiliko ya kweli yalikuja pale wasanifu walipoanza na swali la mnyama mwenyewe. Huko Seattle, Marekani, bustani ya Woodland Park ilifungua mwaka 1979 makazi ya gorila yenye miti hai, vichaka, nyasi ndefu na mawe ya kweli. Gorila akitaka anaonekana, asipotaka anaingia vichakani. Watazamaji waliozoea kumkuta mnyama kila dakika ilibidi wajifunze kungoja. Nadhani hapo ndipo heshima ilipoanzia.

Lakini kwa nini niende Seattle wakati mfano ulio bora kuliko wote uko pwani yetu, Bamburi, kaskazini ya Mombasa? Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Walipokwisha kuchukua mawe ya matumbawe walibakiza shimo kubwa jeupe, lenye joto la kuchoma, maji ya chumvi chini, wala udongo hakuna. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi hapo, René Haller, alianza kupanda miti. Alijaribu aina 26, zikapona 3. Uliostahimili vizuri kabisa ni mvinje, ule mti wa pwani wenye majani membamba kama sindano. Mivinje ilikua, majani yakadondoka, lakini yalikaa tu chini bila kuoza, maana hapakuwa na mdudu wa kuyala. Udongo haukuzaliwa.

Ndipo walipomgundua jongoo. Ndiyo, jongoo huyu tunayemrukia njiani wakati wa masika. Walimwona anakula yale majani makavu, wakakusanya wengine wengi, wakawaachia humo. Majongoo wakala, wakaacha mavi yao, yakawa mboji, na mboji ikapokea mbegu nyingine. Ikaja miti mingine, wakaja ndege, yakachimbwa mabwawa ya samaki, wakaletwa swala, twiga, viboko, mamba na kobe wakubwa. Mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kuingia kutembea, na leo tunapaita Haller Park. Angalieni mpangilio wa mambo, wasikilizaji. Walianza na udongo, wakaja kwenye mti, halafu mdudu, halafu mnyama, na mtazamaji mwenye tiketi akaja mwisho kabisa. Bustani nyingi nilizozijua zimeanza na geti na chumba cha tiketi.

Na hapo Bamburi ndipo ilipotokea habari ya Owen na Mzee. Desemba 2004, siku zile za tsunami, kiboko mchanga alionekana baharini karibu na Malindi, amepotezana na wenzake. Wenyeji walihangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa, akapelekwa Haller Park. Alipofunguliwa alikimbia moja kwa moja kwa kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akajibanza nyuma yake. Mzee mwanzoni hakumtaka. Baadaye wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja, na dunia nzima ikaandika habari zao. Wengine waliona hadithi ya urafiki. Mimi naona jambo lililo chini ya urafiki: kiboko yatima aliyeogopa alifikishwa mahali penye bwawa, kichaka na mgongo mpana wa kujificha. Angeshushiwa kwenye sakafu ya saruji yenye nyavu pande nne, angekimbilia wapi?

Tuje nyumbani Tanzania. Bustani yetu ya kwanza ya wanyama ilianzishwa mwaka 1964 katika kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, kando ya mji wa Mwanza. Kinaitwa Saanane, kwa jina la mzee aliyekuwa akiishi hapo kabla ya kuhamia nchi kavu ili kuwapisha wanyama. Vizazi vya wanafunzi wa Kanda ya Ziwa viliona mnyama wa porini kwa mara ya kwanza pale. Mwaka 2013 kisiwa hicho kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Ukienda leo utapanda mashua dakika chache tu, utembee kwa miguu juu ya mawe, uone pimbi, tumbili, kenge na swala pala. Kwa anayetafuta tembo, Saanane haitamtosha. Kwa mtoto wa shule ambaye hajawahi kukaa kimya mbele ya mnyama asiyefungwa, inatosha na kuzidi.

Magharibi zaidi ndani ya ziwa hilohilo kuna kisiwa cha Rubondo, na hapa naomba usikilize vizuri. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliletwa Rubondo kutoka Ulaya. Aliyesimamia mpango huo ni Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, yuleyule tunayemkumbuka kwa Serengeti. Sokwe wale walizaliwa porini, wakanaswa wakiwa wadogo, wakapelekwa Ulaya kwenye bustani na maonyesho. Wapo waliokaa kifungoni miaka mingi. Walizoea nondo, walizoea kulishwa, walizoea mikono ya watu. Walifunguliwa tu msituni bila kufundishwa. Na wakaweza. Walianza kutafuta matunda, wakajenga viota vya kulalia mitini, wakazaa. Wajukuu na vitukuu vyao wako kule hadi leo, nao kwa miaka mingi waliogopa watu. Mgeni aliyekwenda kuwatafuta aliweza kutembea msituni asubuhi nzima akasikia sauti tu.

Kwangu mimi, sokwe kumkimbia mtalii ndiko kufaulu kukubwa kwa mpango ule. Babu yake alisimama nyuma ya nondo hana pa kwenda, yeye anachagua. Haikuwa hivyo kwa kila mnyama aliyepelekwa kisiwani. Faru weusi 16 waliohamishiwa Rubondo miaka hiyo waliishia mikononi mwa majangili. Kisiwa, msitu na nia njema havitoshi bila mlinzi.

Faru wameanza kurudi kwa njia nyingine. Mwaka 2009 faru weusi watatu waliletwa katika Hifadhi ya Mkomazi kutoka bustani ya Dvůr Králové ya Jamhuri ya Cheki, na mwaka 2012 wakaja wengine watatu kutoka Port Lympne, Uingereza. Walizaliwa ughaibuni, wakaja kukanyaga ardhi ya mababu zao ndani ya uzio wenye ulinzi mkali.

Na wapo vyura wa Kihansi. Najua wapo wanaocheka wakisikia habari hii. Tusicheke. Vyura hawa wadogo wa rangi ya dhahabu, hawafiki sentimita 3, waligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Hawaishi kwingine kokote duniani, na hawatagi mayai majini kama vyura wengine. Huzaa vitoto vilivyokamilika. Maisha yao yote yalitegemea manyunyu ya maporomoko yale. Tulipojenga bwawa la kuzalisha umeme, maji mengi ya maporomoko yakaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda bustani ya Bronx, New York. Baadaye ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukawamaliza waliobaki korongoni, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini.

Waliokuwa Marekani nao walikufa wengi mwanzoni. Wataalamu wa Bronx na wa bustani ya Toledo walilazimika kujifunza kuitengeneza Kihansi ndani ya chumba: manyunyu kwa saa zake, mwanga wa namna yake, majani ya kujibanza, wadudu wa ukubwa unaoingia kwenye kinywa kile kidogo. Walipopatia, vyura wakazaana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa korongoni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamefungwa kuchukua nafasi ya maporomoko. Bila banda lile lenye ukungu wa kutengenezwa, chura huyu angebaki picha kitabuni. Kwa hiyo anayesema bustani zote za wanyama zifungwe, mimi siungani naye. Naungana na anayeuliza: banda hili limetengenezwa kwa kumfuata nani, na huyu aliyemo ndani, yeye au wanawe, wana njia ya kurudi?

Sasa nirudi kwetu uwanda wa kati. Mkoa huu hauna hifadhi kubwa ya taifa ya kuleta misafara ya watalii, lakini tusijione maskini. Tuna Pori la Akiba la Swagaswaga na la Mkungunero, upande wa Chemba na Kondoa. Tuna michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukisimama chini ya miamba ile unamwona twiga, tembo na pofu kwa rangi nyekundu, na mistari ya shingo na mgongo ni ya mtu aliyemjua mnyama sawasawa. Mchoraji yule hakuwa na nyavu wala handaki. Alikaa kivulini akangoja. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati inapita Kondoa, kwa hiyo basi la shule linaweza kwenda Kolo na kurudi siku hiyohiyo. Walimu wa Makole, wa Chang'ombe, wa Kizota, safari hiyo ipangeni kabla ya safari ya mbali yenye michango ambayo nusu ya darasa haiwezi kuilipa.

Lakini mji wenyewe pia unastahili kitu. Dodoma ilitamkwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018 inajengwa usiku na mchana. Kila kukicha kuna bikoni mpya kichakani. Mpango wa kwanza wa mji mkuu, wa mwaka 1976, ulitaka makazi ya watu yapishane na maeneo ya wazi na ya kijani. Wazo hilo lina uhai bado. Ninaloliomba ni dogo: kilima kimoja chenye mawe na kichaka chake cha asili, kizungushiwe uzio kwa nje, kiachwe ndani kama kilivyo. Mibuyu ibaki, migunga ibaki, mikole ibaki. Kusimwagwe saruji, kusipandwe nyasi za kunyweshwa maji ambayo wananchi wenyewe tunayapanga foleni. Mvua yetu ni milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, basi wakae wanyama wanaoijua mvua hiyo: digidigi, pimbi, kobe, kanga, ikiwezekana swala. Simba tusimlete. Eneo hilo halitamtosha, naye atachimba mfereji wake wa kwenda na kurudi kando ya uzio.

Watu watalalamika, nawasikia tangu sasa: "Tumelipa kiingilio, tumezunguka saa nzima, digidigi hatujamwona." Walinzi waambiwe wajibu kwa upole: njooni alfajiri, au jioni jua likipoa, mkae kivulini bila kelele. Mtoto atakayemwona digidigi baada ya kumngojea atamjua kuliko aliyegongewa uzio ili simba ainue kichwa.

Waheshimiwa madiwani na maofisa mipango miji mnaonisikiliza, kilima kikishapimwa viwanja na kuuzwa hakirudi tena mikononi mwa mji. Kitengeni sasa, kipeni namba na hati kama mnavyofanya kwa shule na zahanati. Na wewe mzazi, Nane Nane ijayo ukimpeleka mwanao kumwona simba, mwambie asigonge nyavu, na umzuie mwenzako anayegonga.